Thabit na Sekunde Kumi na Mbili za Mista Lamboni

Thabit bin Nasur alifika Maskati katikati ya mwaka 1964 na ufundi mmoja tu mikononi, na ufundi wenyewe hapakuwa na aliyeuhitaji. Miaka kumi na sita alikuwa akiendesha mashine ya sinema Unguja. Yalipotokea Mapinduzi alimchukua mkewe Kheiria, binti yao Muhsina na masanduku mawili, akapanda meli pamoja na wenziwe waliokuwa wakirudi kwenye nchi ya babu zao, nchi ambayo wengi wao hawajapata kuiona hata pichani. Aliposhuka tu akamuuliza askari wa bandarini, kwa Kiarabu chake cha chuo cha Kurani, sinema ziko mtaa gani. Askari alimtazama kama mtu aliyeulizwa duka la nguruwe liko wapi.

Maskati haikuwa na sinema. Ilikuwa na lango linalofungwa saa tatu baada ya jua kuchwa, amri ya kubeba kandili kwa mwenye kutembea usiku, na vitu chungu nzima ambavyo mtu haruhusiwi kuwa navyo bila idhini. Sinema haikutajwa hata katika makatazo, kwa kuwa hapajatokea aliyethubutu kuiomba.

Wakakaa Matrah, chumba na ukumbi nyuma ya soko, kwa hisani ya Sheikh Thani, ami yake Kheiria. Sheikh Thani alikuwa na shamba la mitende Bawshar na ndimi mbili: mmoja wa kusomea Kurani na mmoja wa kuchomea watu. Siku alipomkaribisha Thabit kahawa alimtaka aeleze kazi aliyokuwa akiifanya huko Afrika. Thabit akaeleza kwa urefu: watu wanaketi, taa zinazimwa, yeye yuko nyuma na mashine yake, picha zinatembea ukutani. Mzee akanywa kahawa mpaka ikaisha, kisha akauliza kama watu hao walikuwa wakilipa ili wakalishwe kizani.

Toka siku hiyo Thabit akabadilisha maelezo. Aliyemuuliza aliambiwa kwamba alikuwa meneja wa sinema. Sinema haikueleweka, lakini umeneja ulieleweka, na hilo lilitosha. Kheiria alimsikia akijipa cheo hicho mbele ya wageni. Wageni walipoondoka akamuuliza umeneja huo aliupata lini, maana yeye ndiye aliyekuwa akimfulia mashati, na hajapata kuona meneja anayerudi nyumbani na vidole vyeusi kama muuza makaa.

Kwa karibu miaka mitatu meneja huyo alipima ndimu kavu na tende katika duka la tajiri mmoja wa Matrah. Hakuijua ndimu njema wala mbovu. Wateja waliijua, wakamchagulia wenyewe.

Mwaka 1967 nchi ilikuwa inaanza kuuza mafuta, na kampuni ya mafuta ikawa na kambi kubwa ufukweni, magharibi ya Matrah. Waingereza walikuja na wake zao, na wake wa Kiingereza, wakishaoga baharini na kunywa chai, hutaka kitu cha kutazama. Kambi ikajenga ukuta mweupe uwanjani, ikaleta mashine mbili kubwa za sinema kutoka Bahrain pamoja na Mhindi wa kuziendesha. Mhindi alivumilia joto mwezi mmoja, akaomba ruhusa ya kwenda kumzika mamake, akawa anamzika mpaka leo. Karani wa kambi, kijana aitwaye Marhoon, alikuwa mteja wa ndimu. Alipokumbuka kwamba yule mpimaji asiyejua kupima alikuwa na jambo na sinema, akamfuata dukani. Jumatatu iliyofuata Thabit alikuwa ndani ya kibanda cha mashine, akilia. Alimwambia Marhoon ni moshi.

Mkubwa wake kazini alikuwa Afisa wa Burudani, Cedric Lambourne, ambaye wafanyakazi walimwita Mista Lamboni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, mwenye tumbo la mheshimiwa na nywele alizozitia rangi nyeusi. Kwa joto la Maskati rangi ile ilimtiririka shingoni, ikifika adhuhuri kola imeshakuwa ya msibani. Lakini sauti yake ilikuwa nzuri kweli. Alipoomba apitishiwe chumvi, ungedhani mfalme anaagana na taifa lake.

Mista Lamboni alikuwa mwigizaji. Aliyekaa naye meza moja kwa muda wa supu alikuwa keshajua hilo, na ikiletwa nyama alijua na mengineyo: miaka thelathini kwenye majukwaa ya London, filamu ambazo mwenyewe hakuweza kuzihesabu, mabibi waliozimia viti vya mbele. Wakubwa wa fani aliwataja kwa majina yao ya nyumbani, kama mtu anayetaja mbuzi wake. Akiulizwa kwa nini basi yuko Maskati akigawa raketi za tenisi, aliitazama milima mikavu na kusema kwamba mwigizaji akishafika kileleni, kinachobaki mbele yake ni jangwa. Wanawake wa kambi walisema hawajapata kusikia maneno ya kina namna hiyo.

Kila baada ya miezi mitatu alitayarisha mchezo wa kuigiza ukumbini. Mchezo aliuchagua yeye, aliuongoza yeye, na mhusika mkuu, kwa sadfa, alikuwa yeye. Safari moja alikuwa kijana, mchumba wa msichana wa miaka ishirini na mbili, na palipohitajiwa ambebe, alimkokota. Agosti moja alikuwa shekhe wa Kiarabu. Akajipaka kakao usoni na mikononi, na kabla mchezo haujafika kati shekhe alikuwa na michirizi kama punda milia. Marhoon na wapishi waliitwa wasimame nyuma watazame, wakaelezwa kuwa mchezo huo ni heshima kwao. Walipiga makofi. Mpishi mmoja aliuliza kwa upole kama kakao ile ingerudishwa jikoni.

Thabit hakucheka siku hiyo. Alikuwa anaitazama shingo ya shekhe na lile bega la kushoto linalokwenda juu kila anapogeuka, na moyoni alikuwa na hakika kwamba bega hilo analijua.

Mwenye kuendesha mashine haangalii filamu kama mtazamaji. Mtazamaji huja mara moja, akamfuata bwana mzuri na bibi mzuri, akenda zake. Mwendeshaji huiona mara thelathini, na akishamchoka bwana na bibi huanza kuwatazama wengine: anayefungua mlango, anayepita na farasi, anayekufa kwanza. Thabit alikaa siku tatu akipekua kichwa chake, na siku ya nne akawa ameipata kazi nzima ya Mista Lamboni, tangu mwanzo hadi mwisho wake. Ilikuwa filamu tatu. Katika ya kwanza alikuwa polisi, naye alionekana mgongo. Katika ya pili alikuwa maiti kwenye ngazi. Maiti mwenyewe si mbaya, Thabit alikiri, ila alipepesa. Katika ya tatu, filamu iliyotukia hotelini, alikuwa mhudumu. Alileta sinia mezani, akasema, "Vyema, bwana," akaondoka. Tukio zima, sekunde kumi na mbili.

Alimweleza Kheiria akitaraji wacheke pamoja. Kheiria alikuwa anachambua mchele, akasema, "Basi si kafanya kazi, Baba Muhsina. Maiti nayo kazi."

"Anasema alikuwa mkubwa wao."

"Na wewe ulikuwa meneja," akasema Kheiria, akaendelea na mchele wake.

Neno hilo lilimkaa Thabit kama mwiba wa changu. Lakini halikumfanya amhurumie mwenziwe, lilimwongezea hamaki. Maana Mista Lamboni alikuwa akimwita kwa kumpigia vidole, akamwita "kijana wangu," naye Thabit ana miaka arobaini na mitatu na ndevu zimeingia mvi. Kupigiwa vidole na mkubwa ni jambo moja. Kupigiwa vidole na maiti aliyepepesa ni jambo jengine.

Mwanzoni mwa 1969 mke wa mkuu wa kambi akapata wazo. Alikuwa mama mwema, na mawazo ya watu wema ndiyo yenye kuangamiza. Siku ya kuzaliwa Mista Lamboni ilikuwa inakaribia, naye akataka kumpa furaha ya ghafla: kuagiza moja ya filamu zake, kambi nzima iitazame naye akiwa kiti cha mbele. Hakuwa na hakika ya majina, akaenda kumuuliza mtu wa mashine. Thabit hakusita. Akamwandikia kwenye karatasi jina la ile filamu ya hotelini, kwa mwandiko mzuri kuliko aliokuwa nao siku zote.

Barua ikenda kwa wakala wa Bahrain. Furaha ya ghafla, kambini mwa watu mia mbili, haikai siku mbili. Siku ya tatu, baada ya chai ya saa kumi, Mista Lamboni alipanda ngazi za kibanda cha mashine, jambo ambalo hajapata kulifanya, akaufunga mlango nyuma yake.

"Thabit, rafiki yangu," akasema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Mashine hizi, huharibika?"

Thabit akamjibu kwamba mashine iliyo mikononi mwake haijapata kuharibika tangu mwaka arubaini na nane.

"Lakini yaweza kutokea."

"Kwa wengine, hutokea."

Mista Lamboni akaketi juu ya sanduku. Akauliza kama Thabit ameiona filamu hiyo. Thabit akasema ameiona mara thelathini na kitu, na kwamba sinia aliibeba vizuri. Basi yule bwana akajua kuwa kajulikana, na kwa nusu saa nzima, kwa sauti ndogo isiyokuwa na mfalme ndani yake, akaeleza kazi yake kama ilivyokuwa. Miaka thelathini ni kweli, lakini ilikuwa ya kuzungukazunguka miji midogo yenye mvua, akishika mikuki ya kadibodi nyuma ya watu wanaosema maneno. Alilala vyumba vya kupanga vinavyonuka kabichi. Miaka minne alihifadhi maneno yote ya mwigizaji mmoja maarufu ili ashike nafasi yake siku akiugua. Bwana huyo alikuwa na afya ya punda. Aliugua mara moja tu, siku ya Ijumaa, na siku hiyo Lamboni mwenyewe alikuwa kitandani na surua.

Thabit alihisi kitu kinamlegea kifuani, akakikaza haraka. Akamwambia kwa adabu zote kwamba filamu ikija ataionyesha, kwani hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa. Mista Lamboni akashuka ngazi polepole, na kwa mara ya kwanza akaonekana mtu wa umri wake.

Filamu ikaja kwa ndege, makopo mekundu yaliyobonyea. Wakala wa Bahrain alikuwa mtu wa kupenda vya rahisi. Hununua filamu zilizochoka za Unguja, Mombasa na Bombay na kuzikodisha kwa watu wa jangwani, ambao hawana pa kwenda kulalamika. Thabit akaanza kuikagua kama ada, mkanda ukipita vidoleni, akihisi mipasuko. Kwenye kopo la tatu kidole kikasimama. Palikuwa na kiungo, mahali mkanda ulipokatwa ukaunganishwa, na ukingoni mwa kiungo palikuwa na mikwaruzo miwili midogo. Alama hiyo hakuna aliyekuwa akiitia ila mtu mmoja, naye ni Thabit bin Nasur wa Unguja.

Hapo ndipo alipokumbuka. Wiki mbili za mwanzo filamu ilionyeshwa nzima, kisha wazee wa mtaa wakalalamika juu ya mwanamke anayecheza juu ya meza akiwa na nguo isiyozidi leso. Ikatoka amri akatwe. Thabit akakata tangu anapoingia mwanamke hadi anapotoka, na mhudumu mwenye sinia, aliyekuwa anapita hapo kwa bahati yake mbaya, akenda na maji. Sekunde kumi na mbili zilibaki sakafuni Unguja, zikafagiwa.

Akakaa kitako kibandani na kopo mapajani. Angeweza kumwendea Mista Lamboni akamwambia alale usingizi, maana sinia lake halimo tena. Hakumwendea. Alijiambia kwamba mtu aliyekuwapo kidogo huchekwa, lakini mtu asiyekuwapo kabisa atachekwa mara mbili, na kicheko hicho alitaka kukiona kwa macho yake kupitia kidirisha cha mashine.

Siku ilipofika, baada ya magharibi, kambi nzima ilikuwa uwanjani. Mista Lamboni aliwekwa mbele baina ya mkuu wa kambi na mkewe. Kola ilikuwa nyeusi mapema. Mashine haikuharibika. Hoteli ikaonekana, bwana mzuri akaonekana, bibi mzuri akalia, na kila mlango ulipofunguka watu walinyoosha shingo. Likapita kopo la tatu, likapita la nne. Neno la mwisho likatokea ukutani, taa zikawashwa, na watu mia mbili wakawa kimya kama waliokwenda harusini wakakuta bwana harusi hayupo.

Mke wa mkuu ndiye aliyeuliza. "Lakini Cedric, wewe ulikuwa wapi?"

Mista Lamboni aliutazama ukuta mtupu, na Thabit, huko juu, akaona lile bega la kushoto linaanza kupanda. Kisha akasimama.

"Wamenikata," akasema.

Hakupaza sauti, wala hakukuwa na haja. Akawaeleza kwamba katikati ya filamu ile palikuwa na tukio, dakika kumi na moja, la mhudumu mzee anayemtambua tajiri mezani kuwa ni mwanawe aliyepotea, na kwa kumhurumia hasemi kitu, anamhudumia tu. Akasema wajuzi wa London waliliita tukio hilo moyo wa filamu. Na sasa, huku Mashariki, mkono wa mtu fulani asiyejua sanaa, mtu wa mkasi, umeung'oa moyo huo na kuutupa. Watu wakaguna kwa uchungu. Akaomba aletewe sinia. Mpishi akaleta. Na hapo uwanjani, chini ya taa zilizojaa wadudu, Mista Lamboni akaigiza dakika kumi na moja ambazo hazijapata kuwako. Alitembea kama mzee wa miguu mibovu. Aliweka glasi mbele ya mwanawe asiyemjua babake, akanyoosha mkono kama atakayemgusa bega, akaurudisha. Mwisho akasema, "Vyema, bwana," na daktari wa kambi, mtu aliyekata miguu ya watu bila kukunja uso, akatoa leso.

Thabit alitazama yote kupitia kidirisha. Ameona waigizaji wengi, akajua kwamba aliloliona ni zuri, zuri sana, na hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa amemwandalia mtu aibu, naye akaitandika kama punda, akapanda juu yake na kwenda zake. Na yeye mwenyewe, katika hadithi hiyo, ndiye mkono usiojua sanaa.

Asubuhi Mista Lamboni akapanda ngazi tena. Akamshika Thabit mikono yote miwili, macho yamemjaa maji, akamwambia kwamba alipomkatalia siku ile alidhani ana moyo wa jiwe. Kumbe alikuwa anapanga kukata kimyakimya, bila kutaka shukurani. Alisema hajapata rafiki namna hiyo London nzima. Thabit alifungua mdomo aseme ukweli. Ukweli ulikuwa na maelezo marefu. Akaufunga mdomo, kisha akasema, "Usijali." Bwana akamwachia zawadi iliyofungwa gazetini, chupa ya wiski. Thabit, asiyekunywa, akasafishia mashine, na kwa haki yake ilisafisha vizuri.

Wakawa marafiki, urafiki uliosimama juu ya jambo ambalo halikutokea, na kwa hivyo hakukuwa na la kuuvunja.

Julai 1970 nchi ikapata mtawala mpya. Watu wakavaa miwani ya jua, iliyokuwa marufuku, mchana kweupe bila kuangalia nyuma. Ikatoka khabari kwamba wenye elimu na uzoefu wa nje wanatakiwa, na wa Unguja na Mombasa, waliokuwa wakipima ndimu, wakaanza kutafuta vyeti vyao. Wengine walivipata. Wengine waliandika vipya. Hata Sheikh Thani, ambaye miaka sita aliuliza kama mkwe wake bado anawakalisha watu kizani, sasa aliwaambia majirani Bawshar kwamba nyumbani mwake mna mtaalamu.

Ofisi moja mpya ilitaka watu wa filamu. Mista Lamboni, aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, akamwandikia Thabit barua ya sifa, karatasi mbili. Kheiria akataka asomewe kwa Kiswahili.

"Anasema mimi ni mmoja wa wahariri wakubwa wa filamu wa Mashariki," akasoma Thabit. "Anasema mkono wangu ni wa huruma, na najua kipi cha kutoa."

"Mhariri ndiye nani?"

"Mwenye kukata na kuunga."

Kheiria akafikiri. "Huyo bwana anakujua kweli?"

"Nnajua kukata, Mama Muhsina. Si uongo."

"Sijasema uongo," akasema Kheiria. "Nnauliza kama anakujua."

Siku ya usaili, nyuma ya meza alikuwa Marhoon, yule karani wa kambi, ndani ya kanzu mpya na kilemba kipya. Kibao mezani kilisema Mkuu wa Utumishi, na baadaye Thabit alisikia kwamba katika maombi yake kijana huyo aliandika kuwa aliongoza utawala wa kampuni ya mafuta kwa miaka minne. Marhoon akaisoma barua yote, karatasi ya kwanza na ya pili. Akamtazama Thabit. Thabit akakitazama kibao. Marhoon akagonga muhuri, akauliza kama Kheiria na binti hawajambo.

Mista Lamboni aliondoka Oktoba. Baada ya wiki sita ikaja kadi kutoka Uingereza: amepata kazi kwenye televisheni, kwenye tamthilia ya treni. Yeye ni abiria aliyelala. Aliandika kwamba mwongozaji amevutiwa sana na namna anavyolala.

Thabit akapewa chumba, kiti cha kuzunguka na cheo cha Mhariri Mkuu, ingawa hapakuwa na mhariri mdogo wala filamu ya kuhariri. Mwezi wa Disemba likaja sanduku kubwa kutoka Ulaya, na ndani yake meza ya chuma ya kuhariria, yenye sahani sita za kuzunguka, vioo viwili na vitufe vingi kuliko alivyopata kuona maishani. Unguja alikuwa na mkasi, wembe na gundi. Watumishi wa ofisi walikusanyika waone mtaalamu akiiwasha. Thabit akaizunguka meza mara moja, polepole, bega la kushoto juu kidogo, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba chombo cha namna hii hakiwashwi mbele za watu, lazima kwanza kikaguliwe. Akawatoa wote, akafunga mlango kwa ufunguo, akafungua kitabu cha maelezo ukurasa wa kwanza.

Siku tatu alijifungia humo. Nje waliambiana kwa minong'ono kwamba anakagua. Siku ya nne akafungua mlango, akaagiza kahawa.

Sahani zote sita za meza zilikuwa zinazunguka.